Kutoboa tena baada ya mwili kusukuma pambo nje: soma dalili za mara ya kwanza kabla ya kurudi kwenye sindano

Mtu aliyetokwa na pambo la kijiti kwenye kitovu au nyusi huwa na swali moja: nirudi lini? Mimi ningeanza na lingine: kwa nini kilitoka? Tundu jipya likitobolewa pale pale, kwa kina kile kile, likavishwa pambo la aina ile ile, litafuata njia ya lile la kwanza, na huenda likaifuata haraka zaidi kwa kuwa safari hii linapita kwenye kovu. Chanzo ndicho kinachoamua utoboe wapi, uvae nini, usubiri kiasi gani, au uachane kabisa na sehemu hiyo. Na chanzo hujulikana kwa dalili ulizoziona wakati pambo linatoka, hata kama sasa limebaki kovu tu.

Tuelewe kwanza kinachotokea. Hali hii huitwa kukataliwa, lakini mwili haukatai kijiti kwa namna unavyokataa figo iliyopandikizwa. Ukitobolewa, ngozi huanza kuota kuzunguka kijiti ikitokea kwenye midomo miwili ya tundu na kuelekea ndani, mpaka pawe na mfereji uliokamilika. Nje huonekana pamepona wakati katikati bado ni jeraha. Nyama iliyo mbele ya kijiti ikiwa chache, au kijiti kikisumbuliwa kila siku, nyama hiyo huzidi kuwa nyembamba huku nyuma yake pakijazwa kovu. Kijiti husogea kidogo kidogo kuelekea nje, hadi siku ngozi iliyobaki inapasuka.

Je, kweli lilikataliwa?

Wengi husema mwili umekataa kumbe kilichotokea ni kitu kingine, na kila kimoja kina tiba yake.

Kukataliwa kwenyewe huja kimya. Hakuna homa, na mara nyingi hakuna maumivu ya maana. Matundu mawili yanakaribiana. Sehemu ya kijiti inayoonekana nje inaongezeka. Ngozi iliyo katikati inakuwa nyembamba, inabadilika rangi, inang'aa au kubanduka vigamba, na mwishowe unaona kivuli cha metali chini yake. Pambo lililokuwa limenyooka linaanza kulala upande. Mambo haya huenda wiki kwa wiki, ndiyo maana mwenye mwili huwa wa mwisho kuyaona. Kama una picha zako za miezi ile, zipange kwa tarehe uzitazame. Zitakueleza mengi kuliko kumbukumbu.

Maambukizi huja na kelele: joto, maumivu ya kupwita, uvimbe unaoenea, usaha mzito wa njano au kijani, pengine harufu na homa. Majimaji meupe au ya njano hafifu yanayokauka yakawa kigaga si usaha, ni sehemu ya kawaida ya kupona. Kama pambo lako liliondolewa kwa sababu ya maambukizi tu, na nyama yenyewe haikuwa imepungua, mahali pale panaweza kuwa hapana kosa lolote. Lililokosewa ni usafi, wa fundi au wa baada ya fundi.

Mzio huwasha kuliko unavyouma. Utakumbuka vipele vidogo vyenye maji, ngozi iliyochubuka pande zote za tundu, na huenda ulishapata jambo kama hilo kwenye saa, kifungo cha suruali au hereni za bei rahisi.

Kisha kuna kupasuka kwa ajali: taulo lilinasa, mtoto alivuta, nguo ilivuliwa kwa pupa. Mwili wako haukukataa kitu. Ulijeruhiwa, na baada ya kupona huenda ukawa mtu mwenye nafasi nzuri kuliko wote wa kutobolewa tena.

Kilianza kupanda ndani ya wiki au miezi michache ya kwanza

Hapa mshukiwa wa kwanza ni kina. Sindano ilipita juu mno, ikashika ngozi ya juu bila nyama ya kutosha. Kwa kitovu na nyusi, ukiona kati ya matundu mawili pamebaki chini ya milimita 6 hivi, hapo pambo limo hatarini. Na kama lilianza na kiasi hicho siku ya kwanza, lilianza likiwa limeshindwa. Itazame picha ya siku ya kutobolewa kabla ya kitu kingine. Ikiwa kijiti kilikuwa kinaonekana kama mstari ulioinuka chini ya ngozi toka siku hiyo, usijilaumu kwa namna ulivyokisafisha, wala usiilaumu damu yako. Kilitobolewa vibaya.

Marekebisho ni kutoboa ndani zaidi, nyuma ya kovu, mahali ambapo fundi anaweza kubana nyama kwa vidole viwili na kupata mkunjo mnene unaosogea. Asipoweza kuupata mkunjo huo, basi tatizo si fundi wa kwanza peke yake. Ni umbo la mahali penyewe, na nitalirudia mbele kidogo.

Kijiti kifupi mno nacho huleta sura hii hii. Tundu jipya huvimba kwa siku kadhaa za mwanzo, na kijiti kisichoacha nafasi ya uvimbe hubana ngozi, hupunguza damu inayofika pale, na gololi zilizo kwenye ncha zake huanza kuzama. Kama unakumbuka gololi zikiacha vishimo kwenye ngozi, kosa hili linakuhusu, na dawa yake ni rahisi: kijiti kirefu zaidi mwanzoni.

Kilikaa vizuri muda mrefu, kisha kikaanza kusogea

Kutoboa kulikuwa sawa. Kitu kilibadilika baadaye, na kazi yako ni kukikumbuka. Je, ulibadilisha pambo wiki chache kabla? Hili ndilo ningeliuliza kwanza. Watu hutoka kwenye kijiti kizuri cha mwanzo na kuvaa kitu chembamba zaidi, chenye kidani kinachoning'inia, au pete mahali palipotobolewa kwa ajili ya kijiti. Uzito unavuta, pete inazunguka, na mfereji ambao ulikuwa haujakomaa unaanza upya kuwa jeraha.

Au nguo zilibadilika. Suruali na sketi za kiuno cha juu, mikanda, vifaa vya kazi vinavyofungwa kiunoni, mkanda wa gari: vyote hupita juu ya kitovu mara nyingi kwa siku. Kwa nyusi ni miwani, kofia ya pikipiki, na kulala kifudifudi. Kwa sikio ni simu, vipokea sauti vya kichwani na mto.

Au mwili wenyewe ulibadilika. Ujauzito hutanua ngozi ya tumbo, na kitovu kilichokuwa na mdomo mzuri kinaweza kuwa bapa kabisa. Kuongezeka au kupungua uzito kwa kasi hufanya kazi hiyo hiyo. Katika hali hizi usiharakishe. Subiri mwili utulie katika umbo lake jipya kwa miezi kadhaa, kwa sababu fundi anapima umbo analoliona siku hiyo. Na hakuna fundi makini atakayekutoboa ukiwa mjamzito.

Sababu ya mwisho hapa ni ile ambayo karibu kila mtu huisahau. Kijiti cha kwanza huwa kirefu makusudi kwa ajili ya uvimbe. Uvimbe ukiisha, mara nyingi kati ya wiki 4 na 8, kinatakiwa kubadilishwa kiwe kifupi. Kikiachwa, ile ziada hutembea huku na huko, hunasa kwenye nywele na nguo, na kila kinaponasa kinalipinda tundu. Sehemu ya juu ya sikio inateseka sana na jambo hili, ingawa pale matokeo huwa vinundu na tundu lililopinda kuliko kukataliwa.

Upande mmoja ulisogea, mwingine ulibaki

Pembe. Sindano iliingia kwa kina sahihi ikatokea juu juu, au ilipita kimshazari kwenye mkunjo wa ngozi, hivyo kila unapojikunja upande mmoja unavutwa kuliko mwingine. Angalia kovu: likiwa na mkia upande mmoja, mkia huo unaonyesha pambo lilikuwa likielekea wapi. Mwoneshe fundi mpya. Anapoweka alama za wino, simama, keti, jikunje, inua mikono, kisha atazame tena. Alama zinazokaa sawa ukiwa umesimama tu hazitoshi.

Sababu nyingine ya upande mmoja ni usingizi. Mwenye kulalia ubavu ule ule kila usiku hulisukuma tundu upande ule ule kila usiku. Kwa sikio, mto wenye tundu katikati husaidia kweli.

Tundu lilirefuka likawa mpasuo

Kijiti chembamba hukata nyama namna uzi unavyokata sabuni. Ndiyo maana kitovu kwa kawaida hutobolewa kwa kijiti cha unene wa milimita 1.6 na nyusi milimita 1.2 au 1.6, wakati bawa la pua hutosheka na 0.8 au 1.0. Kama kitovu chako kilivishwa kitu cha unene wa kipini cha pua, umepata jibu lako.

Kwenye ndewe ya sikio hali ni tofauti kidogo. Ndewe hukatwa na uzito wa hereni kwa miaka, na hapo si kukataliwa. Ikiwa imepasuka hadi chini, haitobolewi tena kabla ya kushonwa na daktari. Baada ya kushonwa husubiriwa miezi, naye daktari ndiye atakayesema ni mingapi, kisha tundu jipya huwekwa kando ya mstari wa mshono. Likiwekwa juu ya mshono wenyewe litashuka tena.

Palikuwa panawasha muda wote

Fikiria nikeli. Mzio wake huchelewa: ngozi hujibu baada ya siku moja hadi tatu hivi za kugusana na metali, kwa hiyo watu hukosa kuunganisha mambo mawili. Ukishaupata, kwa kawaida unakaa nao maisha yote. Mwasho huo peke yake unaweza kulifanya jeraha lisifunge kamwe, na jeraha lisilofunga husukuma pambo hata kama lilitobolewa kwa ustadi.

Maneno "chuma cha upasuaji" kwenye pakiti hayakuhakikishii chochote. Chuma cha pua cha aina ya 316L, ambacho hupatikana kwa wingi, kina nikeli takribani asilimia 10 hadi 14. Wengi hawapati shida nacho kwa sababu nikeli hiyo imefungwa ndani ya metali, lakini kwa mtu ambaye tayari ana mzio na jeraha bichi, kwa nini kubahatisha? Mara ya pili dai titani ya kiwango cha vipandikizi vya mwilini, yenye alama ASTM F136 au ISO 5832-3. Metali ya niobi nayo ni salama. Dhahabu ya karati 14 au 18 inafaa iwapo ni dhahabu hiyo hiyo hadi ndani na haikuchanganywa na nikeli; iliyopakwa juu huchubuka, na chini yake hujui kuna nini. Kioo ni kizuri pia, hasa kwa wenye mzio wa kila kitu. Duka au fundi anayeuza titani hiyo anaweza kukuonyesha cheti cha metali kutoka kwa mtengenezaji. Akikasirika kwa kuulizwa, umeshajibiwa.

Tazama pia kiungo cha gololi. Vijiti ambavyo meno ya skrubu yako nje ya kijiti chenyewe hukwaruza mfereji kila vinapoingia na kutoka. Vizuri ni vile ambavyo meno yako kwenye gololi na tundu lake ndani ya kijiti, au vile visivyo na skrubu kabisa ambavyo hubana kwa kusukumwa.

Kitovu: je, tatizo ni umbo?

Nakipa kitovu nafasi yake kwa sababu ndicho kinachorudishwa kwa fundi mara nyingi, na ndicho ambacho watu hutoboa mara ya tatu wakati jibu lilikuwepo tangu ya kwanza. Pambo la kawaida la kitovu, lenye gololi kubwa chini, linahitaji mdomo wa ngozi juu ya shimo, wenye ukingo ulio wazi mbele na nyuma. Fanya jaribio hili: keti vizuri, legea bila kubana tumbo, tazama chini. Kama kitovu kinafumba na kuwa mstari, ule mdomo hugandamiza gololi ya chini kila unapoketi, na hiyo ni saa nyingi kwa siku. Pambo linasukumwa mbele kutoka ndani.

Umbo la namna hii halina dosari, ila halifai kwa pambo la kawaida. Baadhi ya mafundi huweka kijiti chenye gololi juu na kisahani kidogo bapa chini, ambacho hakichukui nafasi ndani ya kitovu. Kwa watu wengi wenye kitovu kinachofumba hiyo ndiyo njia pekee yenye matumaini. Kama hakuna mdomo kabisa, yaani ngozi ni bapa kutoka tumboni hadi shimoni, kutoboa hapo ni kutoboa juu ya ngozi tu, na mwisho wake ni ule ule. Mimi ningeacha.

Mahali bapa: kifua, kiuno, shingo, chini ya jicho

Hapa lazima niseme wazi: sehemu hizi husukuma pambo hata zikitobolewa vizuri. Kuna wanaokaa nalo miaka, lakini panga kana kwamba ni la muda. Ikiwa la kwanza lilikuwa pete, au kijiti kilichonyooka, au kilichopinda kama upinde, basi umbo la pambo lilitosha kulisukuma nje. Mahali bapa panahitaji kijiti chenye miguu miwili iliyosimama nyuzi 90, ili sehemu ya chini ilale sambamba na ngozi na miguu itoke wima. Pambo la tundu moja, lile lenye kisahani kilichofichwa chini ya ngozi, halivuki pande mbili, ila nalo hunaswa na hupanda; na likianza kupanda litolewe na mtu anayejua, si kwa kuvuta.

Ukishapoteza moja lililokuwa na umbo sahihi, kina sahihi na metali sahihi, la pili mahali pale pale ni kununua kovu la pili.

Kovu limekuwa tayari?

Sasa ndiyo swali la lini. Kovu huanza kujipanga upya wiki kadhaa baada ya jeraha kufunga, na kazi hiyo inaweza kuendelea kwa mwaka au zaidi. Hata likikomaa, nguvu yake hufikia takribani asilimia 80 ya ngozi ya awali. Halinyumbuki vizuri kama ngozi. Miezi 3 ni kiwango cha chini kabisa ninachoweza kukisikia bila kukunja uso, na kwa kitovu au mahali bapa miezi 6 hadi 12 ni busara zaidi.

Lakini kalenda isikudanganye. Bana kovu kwa vidole. Likiwa gumu kama kamba ndani, likiuma, likiwasha, likiwa bado limeinuka au rangi yake bado inabadilika mwezi hadi mwezi, halijakomaa. Lililo tayari ni laini, limetulia, na linasogea pamoja na ngozi. Kulisugua taratibu kila siku kwa mafuta yasiyo na manukato, baada ya jeraha kufunga kabisa, husaidia kulilainisha. Vibandiko vya silikoni navyo husaidia yaliyoinuka.

Kuna kovu moja linalofunga mjadala. Kovu la kawaida lililonenepa hubaki ndani ya mipaka ya jeraha na huweza kunywea lenyewe. Keloidi hutoka nje ya mipaka hiyo, huendelea kukua, na inaweza kuonekana miezi mingi baada ya jeraha kupona. Hupata zaidi watu wenye ngozi nyeusi na wenye ndugu waliozipata, na hupenda masikio, kifua na mabega. Kama ulichonacho ni keloidi, usitoboe karibu yake na ufikirie mara mbili kutoboa popote. Mwone daktari wa ngozi, ambaye anaweza kuitibu kwa sindano za dawa ya steroidi au njia nyinginezo. Kuikata tu bila matibabu mengine mara nyingi huirudisha, pengine ikiwa kubwa zaidi. Ila vinundu vingi vinavyoitwa keloidi kando ya vipini vya pua na vya sikio si keloidi. Ni muwasho wa pambo linalocheza au lenye pembe mbaya, na hupungua pambo likirekebishwa.

Kwa fundi wa pili

Fundi mzuri atataka kushika kovu kabla ya kutaja bei. Atakuuliza la kwanza lilitoka vipi. Anaweza kukukatalia, na hilo lihesabu kuwa jambo jema kwake. Anatumia sindano yenye uwazi ndani, mpya, inayofunguliwa mbele yako. Vifaa vingine husafishwa kwa mvuke wenye shinikizo kwenye autoklevu, kwenye joto la nyuzi 121 au 134 za Selsiasi. Bunduki ya plastiki ya kutobolea haiwezi kupita humo bila kuyeyuka, tena husukuma kipini butu kwa nguvu badala ya kukata njia. Kwa tundu linalopita karibu na kovu, bunduki isifikiriwe kabisa.

Mwambie bila kuficha kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama una kisukari kisichodhibitiwa, au kama umekuwa ukinywa isotretinoini kwa ajili ya chunusi. Kwa hiyo ya mwisho mafundi wengi husubiri miezi 6 baada ya dozi ya mwisho.

Tundu la pili karibu na kovu linaweza kuuma zaidi au kidogo kuliko la kwanza. Sindano huhisi ugumu ikipita kwenye kovu, na ndiyo sababu nyingine ya kulikwepa.

Uangalizi

Hapa sina mengi. Osha mikono. Nyunyizia maji ya chumvi safi yaliyotayarishwa kiwandani, yenye chumvi asilimia 0.9, mara moja au mbili kwa siku, kisha kausha kwa karatasi safi. Usilizungushe pambo, imani ya kwamba lisipozungushwa litagandamana na nyama inapasua mfereji mpya kila siku. Usitumie spiriti, haidrojeni peroksaidi, mafuta makali ya mimea, dawa ya meno wala aspirini iliyopondwa. Usizame kwenye bwawa, ziwa au bahari hadi papone. Chumvi ya kujichanganyia nyumbani mara nyingi huishia kuwa kali mno, nayo hukausha ngozi.

Kitovu na sehemu ya juu ya sikio huchukua miezi 6 hadi 12, nyusi miezi 2 hadi 3 hivi, ndewe wiki 6 hadi 8. Tundu la pili lihesabie upande wa juu wa makadirio haya.

Likianza tena kusogea

Pima. Kila wiki, mkao ule ule, rula ya milimita kati ya matundu mawili, na picha. Vipimo vikibaki vile vile kwa wiki kadhaa, wekundu kidogo usikutie hofu. Umbali ukipungua, rudi kwa fundi mapema, wakati bado kuna nyama ya kuokoa. Mara nyingine kubadilisha metali, urefu au umbo la pambo husimamisha mwendo, hasa kama chanzo kilikuwa mzio au kijiti kilichoachwa kirefu. Kama ni kina au umbo la mahali, hakuna pambo litakalosaidia.

Ukishaona metali kupitia ngozi, usisubiri ipasuke. Pambo likitolewa mapema huacha nukta mbili na mstari mwembamba. Likiachwa likate lenyewe huacha mfereji ulio wazi ambao hata daktari hufunga kwa shida. Lakini kama pana usaha na joto, usilitoe mwenyewe, kwa sababu midomo ya tundu inaweza kufunga na kuacha usaha ndani. Nenda hospitali likiwa bado limo. Na kwa gegedu la sikio nenda siku hiyo hiyo: maambukizi ya pale, mara nyingi ya bakteria aitwaye Pseudomonas aeruginosa, yanaweza kula gegedu na kubadilisha umbo la sikio kabisa.

Likishatoka safi, lisafishe jeraha kwa maji yale yale ya chumvi hadi lifunge, lifunike dhidi ya jua kali ili kovu lisizidi kuwa jeusi, na andika tarehe pamoja na kile ulichokiona. Ukirudi kwa fundi mwakani, hilo ndilo jambo la kwanza atakalouliza.